Pesa ya Msaada Haiombi PIN

Kuanzia Machi 2020, kutuma hadi shilingi 1,000 kwa simu kulikuwa bure. Mwaka huo, aliyelipwa hadi 24,000 kwa mwezi hakukatwa PAYE, vijana wa Kazi Mtaani walipata malipo kwa simu, na wanafunzi walisoma kupitia redio.

Lakini wakora nao hawalali. Atakupigia akisema jina lako liko kwa orodha ya serikali, kwa hivyo utume 300 ya usajili ama umpe PIN. Kata simu! Pesa ukitumiwa huingia yenyewe. Kuipokea hakuhitaji ada wala PIN. Hata sisi hatutawahi kukuuliza PIN. Je, umeshatuma? Tupigie mara moja, kabla hajaitoa kwa ajenti.