Riwaya haisukwi kwa “-ka-” pekee

Miaka kadhaa iliyopita, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alibisha hodi ofisini mwangu akiwa amekumbatia bahasha kubwa ya kaki. Ndani yake mlikuwa na madaftari manne, yote yamejaa mwandiko mdogo uliobanana hadi pambizoni. “Daktari,” akasema huku ameinamisha kichwa, “nimeandika riwaya. Naomba uipitie ukipata nafasi.”

Nilikaa na madaftari yale majuma matatu. Taaluma yangu ni isimu, na mwanaisimu aliyeshika kalamu nyekundu hana simile. Palipoandikwa “gari hii” nilisahihisha “gari hili”. Palipoandikwa “vitabu mingi” nilipigia mstari mara mbili. Nilipomrudishia kazi yake, kila ukurasa ulikuwa mwekundu kama uliochinjiwa kuku, nami nilijiona nimemtendea hisani kubwa. Akanishukuru kwa adabu, akaenda zake. Siku ya mahafali yake nilimwuliza riwaya ile imefikia wapi. Akatabasamu. “Niliiacha, Daktari. Niligundua kwamba Kiswahili changu ni kibovu mno.”

Mpenzi msomaji, jibu hilo halijaniacha hadi leo. Kiswahili cha kijana yule hakikuwa kibovu. Kilikuwa na makosa ambayo mhariri yeyote angeyaondoa kwa juma moja. Kasoro kubwa ya mswada wake ilikuwa mahali pengine, na sikumgusia hata kwa neno moja. Shujaa wake, msichana yatima, aliteswa na mama wa kambo kwa muda wa madaftari matatu na nusu. Kisha, katika kurasa sita za mwisho, akatokea mjomba tajiri kutoka ng’ambo ambaye hakuwa ametajwa popote, mama wa kambo akapigwa na radi, harusi ikafanyika, hadithi ikaisha. Nilisahihisha hata tahajia ya neno “radi”, nisiulize radi yenyewe ilitoka katika wingu gani. Niliuona upatanisho wa kisarufi, nikapofuka kwa upatanisho wa matukio.

Kosa hilo lilikuwa langu, lakini nathubutu kusema kwamba sikulitenda peke yangu. Katika shule zetu za upili na hata vyuoni, tunaifundisha riwaya kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni ikiwa tayari imejalidiwa. Mwanafunzi hudondolewa maneno, akatakiwa aeleze muktadha wake kwa alama nne. Hutakiwa ataje sifa za mhusika, aorodheshe maudhui, abainishe tashbihi na istiari. Haya ni mambo ya maana na sina haja ya kuyabeza. Hata hivyo, tumewafanya vijana wetu kuwa hodari wa kumchuna na kumkatakata mnyama ambaye hawajawahi kuonyeshwa jinsi anavyozaliwa na kukuzwa. Halafu tunashangaa kwamba miongoni mwa maelfu wanaofaulu karatasi ya fasihi, wanaojaribu kuandika riwaya ni wachache, na wanaoimaliza ni wachache zaidi.

Yapo maoni yaliyozoeleka kwamba utunzi ni kipaji, na kwamba kipaji hakifundishwi. Kipaji kipo, hilo silikani. Lakini mtoto aliyezaliwa na mkono mwepesi wa useremala bado hupelekwa kwa fundi akajifunze kupima kabla ya kukata. Hakuna anayemwambia apige randa apendavyo kwa kuwa mkono wake una baraka. Kwa nini basi mtunzi wa riwaya, ambaye kazi yake ni ndefu na tata kuliko ya kutengeneza kabati, aachwe apapase gizani?

Niruhusu nianzie pale ninapopajua vyema, yaani katika lugha. Kiswahili kina kiambishi kidogo kinachopendwa na kila msimulizi: “-ka-”. Ni kiambishi kitamu. Hufuatanisha matendo bila jasho, na ndicho kinachoipa ngano mwendo wake. Lakini utamu huo una hatari. Tazama maneno haya: “Juma akaamka, akanawa uso, akanywa chai, akaenda shuleni, akamkuta mwalimu langoni, akaadhibiwa.” Sarufi haina dosari. Matukio ni sita. Sasa mwulize mwandishi: je, kama Juma asingekunywa chai, angeadhibiwa? Bila shaka angeadhibiwa vilevile. Basi chai ile haina kazi. Matukio yamepangwa foleni kama abiria wanaongojea matatu. Yamesimama pamoja, lakini hayajuani.

Tazama tena: “Juma alichelewa kuamka kwa sababu alikuwa amemuuguza mama yake usiku kucha, kwa hivyo alifika shuleni kengele imekwisha kulia. Mwalimu alimwuliza sababu, lakini Juma, kwa kuona haya kuyataja maradhi yale, alisema uongo.” Hapa kila tukio limezaliwa na jingine. Ukiondoa moja, mengine yanaanguka. Zaidi ya hayo, maswali yameanza kujitokeza yenyewe. Ni maradhi gani hayo ya kuonewa haya? Uongo ule utamfikisha wapi? Nani ataugundua? Msomaji ameshikwa, na mwandishi ameiona sura ya pili kabla hajaianza. Tofauti ya vifungu hivi viwili ndiyo tofauti ya mfuatano na msuko. Mfuatano husema “kisha”. Msuko husema “kwa sababu”, “kwa hivyo” na “lakini”.

Tukizitazama riwaya zilizodumu tutaona kwamba watunzi wake waliijua siri hii. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, kipigo anachopata msichana kwa baba yake kwa ajili ya barua ya kijana si kisa cha kupamba sura za mwanzo. Kinamlea katika woga, na woga huo ndio unaomfanya asijue namna ya kuutumia uhuru anapoupata mbali na nyumbani. Maangamizi yake yamepandwa mapema, katika ua wa nyumba yao. Katika Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, Maksuudi anamfungia binti yake ndani ili kuilinda heshima ya nyumba, na kufungiwa huko ndiko kunakomsukuma Maimuna atoroke na kuivunja heshima ile ile. Tena anayemsaidia kutoroka, Bi Farashuu, ana kisasi cha zamani na Maksuudi. Hakuna mjomba wa ghafla hapo. Kila mlango unaofunguka ulikuwa umeonyeshwa kwetu ukiwa umefungwa.

Mfano mwingine ni Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammad Said Abdulla, iliyochapishwa mwaka 1960, ambamo Bwana Msa anachunguza mauaji. Hadithi ya upelelezi huwa somo zuri kwa mwanagenzi kwa sababu haiwezekani kuandikwa kwa kubahatisha. Mwandishi sharti amjue mwuaji kabla ya msomaji kuiona maiti. Hupanga kutoka mwisho kuelekea mwanzo, kisha huandika kutoka mwanzo kuelekea mwisho. Hata asiyekusudia kuandika habari za mauaji angefaidika kwa kulijaribu zoezi hilo mara moja.

Mwanafunzi anayetaka kuanza aanze vipi? Kwanza, ajiulize mhusika wake mkuu anataka nini na ni nini kinachomzuia. Majibu yote mawili yaenee katika sentensi moja. Akishindwa kuiandika sentensi hiyo, hana riwaya bado. Ana mada tu. “Ufisadi” ni mada. “Karani anataka kurudisha fedha alizoiba kabla ya mkaguzi kufika, lakini aliyemkopesha fedha hizo ndiye mkaguzi mwenyewe” ni mbegu ya riwaya.

Pili, aujue mwisho, japo kwa ukungu. Si lazima ajue maneno ya aya ya mwisho, ila ajue mhusika atapata nini na atapoteza nini. Tatu, achukue vipande vya karatasi, kila kimoja akiandike tukio moja, kisha avitandaze mezani. Baina ya kipande na kipande aseme kwa sauti: “kwa hivyo” au “lakini”. Pale ambapo neno pekee linalokubali ni “kisha”, pana ufa. Aondoe kipande kimoja kimoja na kutazama iwapo vilivyosalia vinatikisika. Kisichotikisa chochote kikitolewa kina haki ya kutolewa, hata kama kimebeba methali tatu na machweo mazuri ya jua.

Nne, aihofu sadfa. Sadfa si haramu. Wasomaji huikubali inapomtia mhusika matatani, kwa maana maisha hutenda hivyo. Huikataa inapokuja kumwokoa, kwa maana hapo wanamwona mwandishi mwenyewe akiingiza mkono. Tano, atengeneze kalenda. Aandike kila mhusika alizaliwa lini na kila tukio lilitokea mwezi gani. Nimesoma miswada ambamo mimba ilidumu miezi kumi na minne, na mingine ambamo mzee aliyezikwa katika sura ya tatu alihudhuria harusi katika sura ya nane. Kalenda hiyo itamsaidia pia anapotumia mbinu rejeshi, asije akapotea katika wakati aliouvuruga kwa mikono yake.

Yamkini wapo watakaonipinga kwa kusema kwamba watunzi wakubwa hawafungwi na mpango, na watanitajia Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, kazi ambazo Kezilahabi aliuvunjavunja ndani yake msuko tuliouzoea. Hoja hiyo ina uzito, na jibu langu ni tarehe. Kabla ya kuuvunja msuko, mtunzi huyo alikuwa amekwisha kuandika Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka. Aliivunja nyumba ambayo alijua kuijenga. Anayebomoa asichojua kujenga huacha kifusi, akakiita mtindo mpya.

Tena mpango si pingu. Mwandishi akifika katikati ya safari, mhusika aweza kukataa kutenda alilopangiwa. Akikataa kwa sababu ya tabia yake mwenyewe, heri kumsikiliza na kuubadilisha mpango. Lakini ili uubadilishe mpango, sharti uwe nao.

Walimu wenzangu, hatuhitaji kungojea mtaala mpya ili kulifanya jambo hili. Mtihani wetu wa insha una swali tunalolifahamu sote: andika insha itakayomalizika kwa maneno fulani. Hilo, kwa hakika, ni somo la msuko lililofichwa. Humtaka mwanafunzi aujue mwisho, kisha atafute sababu za kuufikia. Badala yake, wengi wetu huwakaririsha wanafunzi utangulizi wa jua lililochomoza na ndege waliotumbuiza, kisha maneno ya mwisho hubandikwa mkiani kama stempu. Tukitenga kipindi kimoja cha dakika arubaini, wanafunzi wakae katika makundi na vipande vyao vya karatasi, bila kuandika insha yenyewe, wakipanga tu na kuulizana “kwa nini?”, tutakuwa tumewapa kitu ambacho orodha ya misemo haiwezi kuwapa. Na tunaposahihisha, kabla kalamu nyekundu haijagusa ngeli, tuandike pambizoni swali moja kuhusu tukio moja. Mtoto anayeulizwa swali huamini kwamba kazi yake imesomwa. Anayehesabiwa makosa tu huamini kwamba amehukumiwa.

Namrudia kijana wangu wa madaftari manne. Sijui leo anafundisha wapi, au kama anafundisha. Iwapo gazeti hili limemfikia, napenda ajue kwamba Kiswahili chake hakikuwa kibovu, na kwamba aliyestahili alama ya chini siku ile ni msahihishaji. Mateso ya yule yatima yalinigusa, ingawa sikumwambia. Ayatafute madaftari yale, popote alipoyatupia. Yule mjomba amlete katika daftari la kwanza, japo kwa barua isiyojibiwa. Mama wa kambo ampe sababu ya ukatili wake, na radi airudishe mbinguni. Kisha abishe hodi tena. Safari hii nitaiweka kalamu nyekundu mtobani hadi nitakapofika ukurasa wa mwisho.