Alama za Paji la Uso Katika Utamaduni wa Wahindi

Katika miji ya Afrika Mashariki kama vile Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, si ajabu kumwona mwanamke wa Kihindi mwenye nukta nyekundu katikati ya nyusi zake. Watu wengi hudhani kwamba kila mwenye asili ya Bara Hindi hupaka alama hiyo, na kwamba alama hiyo huonyesha tabaka lake. Dhana zote mbili si sahihi. Waismailia na Mabohora ni Waislamu, na Wagoa wengi waliohamia Afrika Mashariki ni Wakristo. Alama hizi si sehemu ya ibada zao. Dhana ya tabaka nayo ilienezwa na waandishi wa Kizungu wa zama za ukoloni. Kwa hakika, alama za paji huhusiana zaidi na madhehebu, ibada na ndoa.

Miongoni mwa Wahindu alama hizo kwa jumla huitwa tilaka. Wafuasi wa mungu Vishnu huchora mistari ya kusimama, ambayo mara nyingi hufanana na herufi U au V, kwa kutumia udongo mweupe au sandali iliyosagwa. Wafuasi wa Shiva huchora mistari mitatu ya kulala kwa majivu matakatifu. Kwa kuwa Wahindu huchoma maiti, majivu hayo humkumbusha mwanadamu mwisho wa mwili wake.

Nukta ya wanawake huitwa bindi, jina litokanalo na neno la Kisanskriti, bindu, lenye maana ya tone au nukta. Katika sehemu nyingi za India, hasa kaskazini, mke hupaka pia unga mwekundu uitwao sinduri kwenye mstari unaogawanya nywele zake. Desturi ya kale ilimtaka mjane aache kuupaka. Siku hizi bindi huvaliwa pia na wasichana, hata wasio Wahindu, kama pambo tu.

Je, rangi hiyo nyekundu hutoka wapi? Unga wa jadi uitwao kumkumu hutengenezwa kwa manjano, kiungo kile kile cha jikoni, pamoja na chokaa. Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, ambayo huwa ya njano penye asidi, na hugeuka nyekundu penye alikali. Chokaa ni alikali. Wanafunzi wanaweza kulithibitisha jambo hili darasani: wachanganye manjano na maji kidogo, kisha watie chokaa ya tambuu, na rangi itageuka papo hapo. Wakiongeza maji ya ndimu ya kutosha, unjano utarudi. Watahadhari chokaa isiingie machoni.

Sinduri nyingine, hata hivyo, hazitokani na manjano. Baadhi hutiwa rangi kwa salfaidi ya zebaki au oksidi nyekundu ya risasi, na zote mbili ni sumu. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa sampuli 118 za sinduri zilizonunuliwa Marekani na India. Zaidi ya robo tatu ya sampuli hizo zilikuwa na risasi. Mtoto anayeshika unga huo kisha akatia vidole mdomoni huweza kuimeza risasi, nayo hudhuru ubongo unaokua; wala hakuna kiwango cha risasi kijulikanacho kuwa salama kwake. Bindi za kubandika nazo zina tatizo lao: baadhi ya gundi zake huweza kuifanya ngozi ipoteze rangi mahali zinapobandikwa.

Kwa macho, unga wa manjano na ule wa risasi huweza kufanana kabisa. Kwa hiyo yeyote anayetaka kuidumisha mila hii bila kujidhuru hana budi kujua kwanza unga wake umetengenezwa kwa nini, na kuuweka mbali na watoto.