Taa za Mbele za Gari na Upande wa Barabara

Mji wa Kindu, uliokaa kando zote mbili za Mto Lualaba karibu na ikweta, huingia gizani upesi mwaka mzima, na katika barabara za udongo zinazotoka humo kuelekea Kalima au Kasongo chombo cha moto hutegemea mwanga kinaoubeba chenyewe. Kuusanifu mwanga huo ni kazi yenye masharti mawili yanayovutana, kwa kuwa taa ya chini, yaani ile inayowashwa gari jingine linapokuja kutoka mbele, hutakiwa kumulika njia mbali iwezekanavyo bila kuyafikia macho ya anayekuja.

Balbu ya H4, iliyoingia sokoni mwaka 1971 na ambayo bado imo katika magari mengi ya kazi, huonyesha wazi jinsi wahandisi walivyolitatua jambo hilo. Ndani yake zimo nyaya mbili nyembamba. Wa kwanza, wa wati 60, umewekwa mahali ambapo miale yake ikigonga kiakisi, yaani bakuli linalong'aa lililo nyuma ya balbu, hutoka ikiwa sambamba na kufika mbali. Wa pili, wa wati 55, umesogezwa mbele kidogo na kukingwa chini kwa kikombe cha chuma, ambacho huizuia miale isiguse nusu ya chini ya kiakisi na kurushwa juu. Hupatikana hivyo mstari mkali unaotenga mwanga na giza: upande wa magari yanayokuja mstari huo hulala bapa, na upande wa ukingo wa barabara, wanakopita wenye miguu na baiskeli, hupanda kwa nyuzi 15.

Upande upi upande na upi ulale huamuliwa kiwandani, na hapo ndipo ugumu wa mashariki mwa Kongo unapoanza. Kongo, kama Rwanda na Burundi, huendesha upande wa kulia, ilhali Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia huendesha kushoto, sawa na Japani, yanakotoka magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Gari la namna hiyo likifika Kindu na taa zake za asili, sehemu ya mwanga inayopanda humpiga machoni dereva anayekuja, na ukingo wa kulia hubaki na giza. Kuhamishia usukani kushoto hakuirekebishi taa hata kidogo, jambo linalosahaulika kwa urahisi.

Mzigo nao huharibu mpango huo, hata kwa taa iliyo sahihi. Taa iliyo sentimita 90 kutoka ardhini, ikiinamishwa kwa asilimia 1, huleta mstari wake barabarani umbali wa mita 90. Iwapo umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ni mita 3, na magunia yakaishusha nyuma ya gari kwa sentimita 6 tu, mwelekeo hubadilika kwa asilimia 2. Mstari uliokuwa ukishuka huanza kupanda, na umbali wa mita 50 huwa umefikia kimo cha mita 1.4, ambacho ni karibu kabisa na macho ya mwendesha pikipiki. Magari mengi yana kitufe cha kuinamisha taa kwa ajili hiyo, ila madereva wanaokigusa ni wachache.

Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa H4 husifiwa kwa weupe wake, lakini chembe zake zinazowaka zisipokaa pale pale ulipokuwa waya, kiakisi kilichochongwa kwa ajili ya waya huo hutawanya mwanga ovyo na mstari hupotea.

Uchunguzi wa haya yote huhitaji ukuta na uwanja uliosawazika. Gari husimamishwa mita 10 kutoka ukutani likiwa na mzigo wake wa kawaida, taa ya chini huwashwa, na mstari hutazamwa kutoka kiti cha dereva: sehemu yake iliyolala bapa inapaswa kuwa sentimita 10 hivi chini ya kimo cha taa, na sehemu inayopanda iwe kulia. Ikipanda kushoto, skrubu za kurekebishia hazitasaidia, na taa nzima hubidi ibadilishwe.