Mwenye hoteli huuza dirisha, hauzi mawingu

 

Ndugu msomaji, kila zinapokaribia likizo za shule huwa napata swali moja kutoka kwa familia za Kiislamu, hasa za pwani: “Sheikh, tunataka kwenda Moshi kuuona Mlima Kilimanjaro. Tufikie hoteli ipi?” Leo nitalijibu bila ya kutaja jina la hoteli yoyote, kwa kuwa hoteli hubadilika, na mwenye kujua namna ya kuchagua hahitaji kutajiwa jina. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, ili wengine wasilirudie.

Miaka kadhaa iliyopita mama yetu mzazi, mkaazi wa Pangani, alikuwa amekwisha kupita umri wa miaka sabini. Siku moja alitamka kwamba hana haja kubwa tena ya dunia, ila angependa auone mlima aliokuwa akisimuliwa tangu utoto na vibarua wa mashamba ya mkonge waliotoka bara. Sisi watoto wake wanne tukachangishana. Mimi nikapewa amana ya kupanga safari, eti kwa sababu ndiye niliyesoma.

Nilichagua kwa kutazama picha. Ilikuwa picha nzuri, hoteli nyeupe na nyuma yake mlima wenye theluji tele. Nikatuma fedha za siku tatu bila ya kuuliza neno. Tulisafiri mwezi wa Aprili kwa kuwa ndipo nilipopata nafasi kazini. Tulipofika tulipewa chumba cha ghorofa ya tatu, na jengo halikuwa na lifti. Dirisha lilitazama paa la bati la jirani na tangi la maji. Nilipouliza mlima uko wapi, mhudumu alinijibu kwa adabu kwamba unaonekana kutoka juu darini. Mama, kwa maumivu ya magoti, hakuweza kupanda tena. Nilipanda peke yangu, nikakuta huko juu ni baa, na upande wa mlima ni ukungu mtupu. Mvua ilinyesha siku zote tatu.

Tukarudi Pangani. Mama hakulalamika. Karibu na Segera alisema tu, “Mwanangu, mlima upo, ila hatukujaaliwa.” Maneno yale yaliniuma, kwa sababu nilijua kwamba si yote yaliyokuwa majaaliwa. Mengine yalikuwa uzembe wangu.

Ujue mwelekeo

Jambo la kwanza ni kujua mlima uko upande gani wa mahali utakapolala. Mji wa Moshi uko kusini mwa mlima, na kilele cha Kibo, chenye mita 5,895, kiko kiasi cha kilomita 30 kutoka mjini kwa mstari ulionyooka. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko usiofika mita 1,000. Kwa hiyo anayetazama kutoka Moshi huuona mlima ukipanda karibu mita 5,000 juu ya kichwa chake, nao hauzibwi isipokuwa na jengo, mti au wingu. Dirisha unalolitaka ni la upande wa kaskazini. Kutoka hapo Kibo huwa mbele yako, na Mawenzi, chenye mita 5,149 na ncha zilizochongoka, huwa kulia kwake.

Na hapa pana jambo ambalo wengi wetu hatulizingatii. Kutoka Moshi, Makka nayo iko kaskazini, ikielemea mashariki kwa nyuzi tano au sita tu. Kibo nacho kinaelemea mashariki kwa nyuzi zipatazo tatu. Tofauti hiyo jicho haliitambui. Maana yake ni kwamba, katika mji wa Moshi, chumba kinachotazama mlima ndicho kinachotazama kibla. Ukitaka kukipima chumba kabla ya kulipa, muulize mhudumu swali moja: “Nikisali humo, dirisha litakuwa mbele yangu au mgongoni?” Akikwambia mgongoni, basi na mlima uko mgongoni.

Kipimo hiki ni cha Moshi mjini tu. Ukifikia Marangu, Kibo huwa kaskazini-magharibi, na ukifikia Machame huwa upande wa kaskazini-mashariki. Ndugu zetu wanaoutazama kutoka Kenya, kwa upande wa Loitokitok na Amboseli, huuona kusini, na wakielekea kibla huupa mgongo.

Wala mtu asidhani kwamba kuwa karibu zaidi ndiko kuona zaidi. Marangu iko juu na ina baridi ya kupendeza, maji yanatiririka, migomba na mibuni imefungamana. Lakini miti hiyo hiyo na migongo ya vilima huuficha mlima. Aliyesimama chini ya ukuta halioni paa. Anayetaka bustani na hewa baridi apande Marangu. Anayetaka kuuona mlima mzima asidharau kukaa mjini.

Ujue msimu na saa

Jambo la pili ni wakati. Masika ya huko ni Machi hadi Mei, na vuli hushika zaidi Novemba hadi Desemba. Katika miezi ya baridi, kama Juni na Julai, mvua hupungua, lakini mawingu mazito huweza kukaa juu ya miteremko ya kusini kwa siku nyingi. Januari na Februari, kwa kawaida, ndiyo miezi yenye matumaini zaidi kwa mtazamaji wa Moshi.

Katika siku yenyewe kuna saa zake. Jua likishapanda, hewa yenye unyevu hupanda miteremko, hupoa na kugeuka wingu. Kwa hiyo mlima ulio wazi alfajiri huweza kutoweka kabla ya saa nne asubuhi, ukajitokeza tena jua likikaribia kuzama. Anayeamka saa tatu akashuka kunywa chai huenda akakaa siku tano asiuone, na aliyezoea kuamka kwa Sala ya Alfajiri atakuwa amekwisha kuuona. Panga angalau usiku mbili au tatu, ili ukikosa asubuhi moja uwe na nyingine.

Tena usitarajie weupe wa picha za zamani. Kati ya mwaka 1912 na 2007 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 85. Theluji mpya huanguka na kuyeyuka, lakini hoteli inayojitangaza kwa picha ya miaka arobaini iliyopita inakuonyesha kitu ambacho leo hakipo.

Ujue unacholipia

Jambo la tatu ni mkataba. Wanavyuoni wa fiq-hi wameeleza kuwa kukodi ni kununua manufaa yanayojulikana kwa malipo yanayojulikana. Chumba cha upande wa mlima aghlabu hutozwa zaidi, na ziada hiyo ni malipo ya sifa maalumu. Basi sifa hiyo itajwe wazi. Neno “hoteli yenye mandhari ya mlima” halitoshi, kwa kuwa huenda mandhari hayo yako darini, na chumba chako kiko nyuma. Uliza: Je, mlima unaonekana kutoka ndani ya chumba hiki hasa? Kiko ghorofa ya ngapi? Kuna jengo jipya lililoinuka mbele yake? Omba upigiwe picha ya dirishani siku hiyo hiyo, na majibu uyapate kwa maandishi.

Mwenye hoteli akikuahidi dirisha la mlima kisha akakupa la ukutani, una haki ya kuukataa mkataba na kurudishiwa fedha, au kukubaliana naye punguzo. Mtume (S.A.W.), alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni akakuta chini kumeloa, alimkemea muuzaji kwa kuificha kasoro, na akabainisha kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Picha inayoficha baa, ngazi na ukuta wa jirani haiko mbali na rundo lile.

Lakini nasi wateja tuwe waadilifu. Ikiwa dirisha ni lile ulilolipia, na wingu likatanda siku tatu, mwenye hoteli hana deni lako. Yeye ameuza dirisha, na wingu si mali yake. Nimepata kuwaona watu wakimfokea mhudumu kijana kwa sababu ya mvua. Huo ni ukosefu wa adabu kwa kijana na kwa aliyeiteremsha mvua.

Umjue unayesafiri naye

Jambo la nne ndilo nililolisahau zaidi. Hoteli ichaguliwe kwa kumfikiria aliye dhaifu kuliko wote katika msafara. Mzee wa magoti ahitaji chumba cha chini, au lifti inayofanya kazi, na choo anachoweza kukitumia. Watoto wahitaji usingizi, basi uliza kama kuna muziki wa usiku. Uliza nyama inachinjwa na nani, na kama pombe inauzwa ni upande gani. Moshi ni mji wenye Waislamu na misikiti, na nyumba za wageni zisizouza pombe zinapatikana kwa anayeuliza. Wala usikope ili ulale penye nyota nyingi. Mlima ni ule ule kwa aliyelipa kidogo na aliyelipa kingi.

Januari iliyofuata tulimrudisha mama. Safari hii nilitangulia kupiga simu mara tatu. Tulipata nyumba ya wageni ya kawaida, chumba cha chini, dirisha la kaskazini likitazama uwanja mtupu. Tulifika usiku. Alfajiri alisali akiwa amekaa kitini, pazia likiwa limefungwa, kwani imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) aliamuru liondoshwe pazia lenye picha lililokuwa likimshughulisha katika sala yake. Alipomaliza nyiradi zake nikalifungua. Mwanga ulikuwa umekigusa kilele kutoka upande wa kulia, na huku chini bado kulikuwa na giza.

Mama alitazama kwa muda mrefu. Kisha akauliza, “Muda wote huu niliokuwa nikisali, ulikuwa hapa mbele yangu?” Nikamjibu, “Naam, mama.” Akasema, “Alhamdulillahi,” akaomba asogezewe kiti karibu na dirisha. Ilipofika saa tatu wingu lilikuwa limekwisha kuufunika, naye alikuwa amesinzia pale pale kitini.

Mama ameshatangulia mbele ya haki. Mwenyezi Mungu amrehemu, yeye na wazazi wetu wote. Ndugu msomaji, ikiwa wako bado wapo, na wamewahi kukutajia mahali wanapopenda kupaona, uliza maswali haya mapema, kisha uwapeleke.