Betri Ikilala Kila Usiku: Tafuta Kwanza Umeme Unavujia Wapi



Parokia na vikundi vingi vinategemea pikapu kuukuu ya dizeli. Ndiyo hubeba mahindi, saruji na viti vya harusi, na usiku wa manane ndiyo humkimbiza mama mjamzito hospitalini. Saa hiyo si ya kuita vijana wasukume.

Betri ikilala mara kwa mara utaambiwa, "Hiyo imekufa, nunua ingine." Pengine ni kweli. Lakini kama umeme unavuja, hata mpya italala, na pesa za kikundi zitakuwa zimepotea bure.

Anza na betri yenyewe

Safisha ncha zake na uzikaze. Kama ni ya kuongezwa maji, tumia maji ya betri, si ya mto wala ya mfereji. Ichaji mpaka ijae, mbali na moto na sigara kwa maana inatoa gesi inayoweza kulipuka. Kisha fungua waya wa hasi (-) na uiache usiku kucha. Asubuhi mita ikisoma karibu volti 12.6, betri ni nzima. Ikiwa imeshuka hadi 12.2, yaani nusu, ingawa haikuunganishwa na kitu, ugonjwa ni wake.

Halafu washa injini na upime tena. Olteneta nzuri huleta karibu volti 13.8 hadi 14.4. Mita ikibaki 12, betri haichajiwi.

Kipimo cha balbu

Kama hayo yote ni sawa na bado betri inalala, tafuta balbu ya volti 12, wati 5, na vipande viwili vya waya.

1. Zima kila kitu, toa ufunguo, funga milango.

2. Fungua waya wa hasi. Unganisha balbu kati ya ncha ya hasi ya betri na waya huo ulioutoa.

3. Balbu ikiwaka, umeme unavuja.

4. Toa fyuzi moja, tazama balbu, irudishe, nenda kwa nyingine. Fyuzi ambayo ikitolewa balbu inazima ndiyo inayokuonyesha njia ya kufuata: redio, taa ya ndani au swichi ya breki.

Angalia sana: usifungue ufunguo wala kupiga stata wakati balbu au mita imeunganishwa hivyo. Na usianze na mita ya ampea, maana uvujaji mkubwa utaiunguza. Balbu ikikataa kuwaka, ndipo utumie mita. Ampea 0.05 au chini si neno.

Fyuzi zote zikitoka na balbu bado inawaka

Hapa chunguza vitu ambavyo mara nyingi havipiti kwenye sanduku la fyuzi. Gusa olteneta asubuhi kabla ya kuwasha gari. Ikiwa na joto, daiodi zake zinavujisha. Kisha angalia rilei ya hita plagi, zile za kupasha injini joto. Kila plagi huvuta ampea 10 au zaidi, kwa hiyo rilei ikikwama, zikiwa nne zitamaliza betri ya 70 kwa muda usiofika saa mbili.

Usidharau uvujaji mdogo. Taa moja ya wati 5 hula karibu ampea 0.4. Gari likikaa toka Jumatatu hadi Ijumaa, zaidi ya nusu ya betri hiyo imekwisha. Na dizeli huwaka kwa kukandamiza hewa mpaka ipate moto, hivyo stata dhaifu haiwezi, hasa asubuhi ya baridi.

Kabla fundi hajatengeneza, fungua waya wa hasi kila jioni na uache spana garini, mahali ambapo kila dereva anapajua. Wale wanawali wenye busara walijiandaa kabla bwana arusi hajafika. Nasi tujiandae kabla mgonjwa hajabisha hodi.