Anayofundishwa askari wa zimamoto kabla ya kuingia motoni

Kila moto unapozuka mjini watu hukusanyika, na kila wanapokusanyika hapakosi malalamiko matatu. La kwanza ni kwamba gari la zimamoto limechelewa. La pili ni kwamba limekuja bila maji. La tatu, ambalo wenye mali hulitoa kwa uchungu zaidi, ni kwamba askari wenyewe wamesimama tu wakiitazama nyumba ikiteketea. Hilo la kwanza lina ukweli wake, na yeyote aliyewahi kukwama katika msongamano wa magari wa Dar es Salaam saa 11 jioni hahitaji kuelezwa. Lakini mawili yaliyobaki yanastahili kuchunguzwa kwa utulivu, kwa sababu majibu yake yamo katika masomo ya kuruta wa zimamoto, masomo ambayo sisi wananchi hatuyajui. Isitoshe, wako wazazi miongoni mwa wasomaji wetu ambao vijana wao, wa kiume na wa kike, wamemaliza shule na wanataka kuingia kazi hii. Mzazi ana haki ya kujua mwanawe anakwenda kusomea nini.

Hapa nchini kazi hiyo iko mikononi mwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, lililo chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na linaloendeshwa kwa sheria iliyotungwa mwaka 2007. Zamani vikosi vya zimamoto vilikuwa chini ya halmashauri za miji, na wazee wa mjini hadi leo wanasema “faya”. Chuo cha Jeshi hilo kiko Chogo, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Gwaride, utii wa amri, mbio za alfajiri na usafi wa bweni ni mambo ya kila jeshi, nasi hatutayakalia hapa. Tutazame yale yaliyo ya zimamoto peke yake, ambayo kwa kiasi kikubwa yanafanana kokote duniani.

MAFIGA MATATU

Somo la kwanza la mzimamoto halihusu maji. Ni moto wenyewe. Moto husimama juu ya mafiga matatu: kitu kinachoungua, joto na hewa ya oksijeni. Ukiondoa figa moja, chungu huanguka. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 hivi. Ikipungua hadi kufikia asilimia 15 au 16, miali ya vitu vingi hufifia na kufa. Ndiyo maana mama aliyefunika kikaango kinachowaka kwa mfuniko na kuzima jiko amefanya kazi ya kitaalamu, ilhali jirani aliyekimbilia ndoo ya maji amekaribia kuiunguza nyumba. Maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini ya mafuta yale ya moto, hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo huchukua nafasi ya takribani mara 1,700 kuliko maji yaliyouzaa. Mafuta yanayowaka hurushwa hadi darini.

Kwa hiyo kuruta hapana budi ajifunze kuzigawa aina za moto kabla ya kujifunza kuuzima. Kuni, nguo na karatasi ni kundi moja, na hapo maji ndiyo dawa. Petroli na mafuta ya taa ni kundi jingine, linalotaka povu au unga mkavu. Gesi ina kundi lake, na hapo jambo la kwanza ni kufunga inakotokea. Vifaa vya umeme havimwagiwi maji hata kidogo kabla umeme haujakatwa.

Habari ya petroli inataka maneno zaidi, maana imetugharimu sana. Petroli haihitaji kupashwa moto ndipo itoe mvuke; huutoa hata katika baridi kali, na mvuke huo, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini na kujaa mitaroni bila kuonekana. Tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka Msamvu, Morogoro, watu walikusanyika kuchota petroli, na moto ulipolipuka waliopoteza maisha walizidi 100. Askari aliyefunzwa akifika mahali kama pale huanza kwa kuwaondoa watu na kuzuia kila cheche, hata kabla mpira wa maji haujakunjuliwa. Kwa mtazamaji aliyesimama kando, hilo nalo huonekana kuwa ni kupoteza wakati.

MOSHI

Wengi wetu tunaogopa miali. Mzimamoto hufundishwa kuogopa moshi, na ana sababu. Katika majumba yanayoungua, aghalabu moshi huwaua watu kabla miali haijawafikia. Ndani yake mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ni hewa ile ile inayotoka katika jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi, mlango na madirisha yakafungwa, watu wakalala wasiamke.

Pamoja na kuwa sumu, moshi ni kuni. Moshi mweusi uliojikusanya darini umejaa vitu ambavyo havijamaliza kuungua. Joto la darini linapofika nyuzi 500 hadi 600 za Selisiasi, moshi wenyewe hushika moto, na chumba kizima, kuanzia godoro hadi mapazia, hulipuka kwa mpigo. Aliyemo humo wakati huo hana nafasi, hata kama amevaa mavazi ya kazi. Katika miaka ya 1980 Uswidi ilianzisha mtindo, ambao nchi nyingi zimeuiga, wa kuwaketisha makuruta sakafuni ndani ya kontena la chuma huku mbao zikiwashwa upande mmoja. Hawazimi kitu kwanza. Hutazama tu jinsi tabaka la moshi linavyoshuka, jinsi ndimi za moto zinavyoanza kukimbia chini ya dari, na jinsi maji machache yaliyorushwa kama ukungu yanavyoupoza moshi ule. Kusudi ni kuwazoesha kusoma dalili. Siku ya kazi, askari anayesita mlangoni sekunde kadhaa akiitazama rangi ya moshi na kasi yake anasoma dalili hizo.

HESABU YA MAJI

Sasa lile lalamiko la gari kuja bila maji. Tuchukue gari lenye tangi la lita 3,000, ambalo si dogo. Mpira mmoja wa kuzimia moto, ukifanya kazi ipasavyo, hutoa kama lita 400 kwa dakika. Gawanya mwenyewe: dakika saba na nusu, tangi limekauka. Ukifungua mipira miwili, hazifiki dakika nne. Mwananchi aliyefika dakika ya tano analikuta gari likiguruma na mipira imelegea, naye anaapa kwamba limekuja tupu.

Ndiyo maana kuruta hukalishwa darasani na kalamu. Hufundishwa kupima tangi, upana wa mpira, na nguvu ya pampu inayopotea njiani. Maana kila maji yanapopanda mita 10, pampu hudaiwa nguvu ya ziada, na ghorofa ya kumi ni mbali kuliko inavyoonekana ukiwa barabarani. Kisha hutoka nje kuubeba ukweli huo begani. Mpira wa upana wa milimita 70 na urefu wa mita 25, ukijaa, una maji yenye uzito wa kilo zinazokaribia 96, na bado hatujasema lolote juu ya msukumo unaotaka kumwangusha anayeshika ncha yake. Askari mmoja hawezi peke yake, na zoezi la kuunga, kuvuta na kukunja mipira hurudiwa hadi mikono iwe inatenda gizani.

Moto mkubwa kama ule ulioliunguza Soko Kuu la Kariakoo usiku wa tarehe 10 Julai 2021 hauzimwi kwa tangi la gari. Unataka maji yasiyokatika, yaani visima vya zimamoto, yale mabomba maalumu ya kando ya barabara. Hapo lawama haiwezi kuwekwa kwa askari peke yao. Kisima kilichojengewa kibanda juu yake, au kilichofukiwa barabara ilipotengenezwa, hakina faida kwa mtu, na waliokijengea ni sisi wenyewe.

ALIYESIMAMA MLANGONI

Sehemu ngumu kuliko zote, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni zoezi la kutafuta mtu ndani ya moshi. Kuruta huvalishwa mavazi mazito, kofia ngumu, kinyago na mtungi wa hewa mgongoni, kisha hutiwa ndani ya nyumba yenye giza totoro. Huingia wawili wawili, hawaachani. Hutambaa, kwa kuwa hewa ya chini ina joto dogo na moshi mchache. Huchagua ukuta mmoja, wa kulia au wa kushoto, na hawauachi mpaka wautokee tena mlangoni. Anayeuacha ukuta amepotea. Mbele hupapasa kwa mgongo wa mkono badala ya kiganja. Waya wenye umeme ukiguswa kwa kiganja, misuli hukaza na vidole hufumbata waya. Ukiguswa kwa mgongo wa mkono, kukaza huko huko huuondoa mkono. Chini ya kitanda, nyuma ya mlango na ndani ya kabati ni lazima papapaswe, kwa kuwa mtoto aliyeogopa moto hujificha.

Hewa ya mtungi nayo ina hesabu yake. Mtungi wa kawaida una lita 1,800 hadi 2,000 za hewa iliyoshindiliwa. Mtu anayefanya kazi nzito huvuta lita 40 hadi 50 kwa dakika, na mwenye hofu huvuta zaidi. Ukitoa akiba ya kurudia, imebaki kama nusu saa, au pungufu. Kwa hiyo mlangoni huwekwa askari mwenye ubao na saa. Kila anayeingia humwachia kibao chenye jina lake, kiasi cha hewa aliyo nayo na saa aliyoingia; yule wa mlangoni hukokotoa saa ya mwisho ya kutoka, na isipotimizwa hutuma wengine kumfuata. Wapita njia wakimwona husema, “Mtazame yule, ameshika saa wenzake wanaungua.” Lakini bila yeye walio ndani wangepotea pasipo mtu kujua.

Kusimama mbali na ukuta kuna historia. Mwalimu mkubwa wa kwanza wa kazi hii, James Braidwood, aliwekwa kuongoza kikosi cha zimamoto cha mji wa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 24. Aliwachagua mafundi, maseremala na waashi na waezekaji wa mapaa, kwa sababu fundi anajua nyumba imeshikiliwa na nini. Aliwazoesha kwa mazoezi ya mara kwa mara, na kuwafundisha kuingia ndani na kutambaa hadi kwenye kiini cha moto, badala ya kumwaga maji ovyo kutoka barabarani. Baadaye aliongoza kikosi cha London, na mrithi wake huko, Eyre Massey Shaw, alipendelea mabaharia, watu wa kamba na kupanda milingoti. Braidwood mwenyewe alikufa tarehe 22 Juni 1861, katika moto wa maghala ya Tooley Street, ukuta ulipomwangukia. Leo kuruta hufundishwa kwamba ukuta unaotishia kuanguka huachiwa nafasi ya angalau mara moja na nusu ya kimo chake. Ukuta wa mita 10 hukaribiwa kwa mita 15, si chini ya hapo, hata mwenye nyumba akilia.

Neno “uokoaji” katika jina la Jeshi halikuwekwa kwa mapambo. Kuna kuwatoa watu katika magari yaliyobondeka, katika majengo yaliyoporomoka, majini, na katika visima na mashimo ya vyoo. Hili la mwisho lina msiba wake. Mtu huteremka kisimani, hukosa hewa, huanguka. Ndugu yake humfuata, naye huanguka. Wa tatu hali kadhalika. Kuruta hukatazwa kabisa kushuka bila mtungi wa hewa, kamba na mwenzake aliye juu, ijapokuwa ndugu wa marehemu wanampigia kelele. Ndugu msomaji, ukipatwa na jambo hili piga simu namba 114, taja mtaa na alama ambayo mgeni anaweza kuiona, kwani “karibu na kwa Mzee fulani” haimsaidii dereva anayetoka mtaa mwingine.

Mafunzo hayamalizwi na cheti. Kuna kozi za uongozi, za ukaguzi wa majengo, za uzamiaji, na mazoezi ya kila zamu kituoni. Somo mojawapo jipya linahusu sabuni. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba kazi ya kuzima moto husababisha saratani kwa binadamu, na masizi yanayoshika ngozi na nguo yamo katika mambo yanayoshukiwa. Zamani kofia nyeusi kwa masizi ilikuwa fahari ya askari. Sasa makuruta hufundishwa kuosha mavazi pale pale wanapotoka motoni, kuoga mapema, na kuacha nguo za kazi kituoni, zisiingie nyumbani wala kufuliwa katika beseni moja na nguo za watoto.