Alamu ya gari inalia yenyewe wakati wa joto? Angalia kwanza inalia saa ngapi

Saa saba mchana, jua la Februari Dar es Salaam. Gari limeegeshwa nje ya ofisi, hakuna mtu karibu, hata paka hajapita. Ghafla linaanza kulia. Mwenyewe anachungulia dirishani, anabonyeza rimoti, kimya. Dakika kumi baadaye linalia tena. Wapita njia wala hawageuki, wameshazoea.

Shida iko hapo. Gari linalolia bure kila siku, hata siku mwizi akiligusa kweli watu watajua ni yale yale. Wengine wakichoka na kelele wanamwambia fundi akate waya, na gari linabaki bila ulinzi kabisa.

Kabla hujafika huko, jua kwamba alamu hailii bila sababu. Kuna kitu imekihisi ila imekielewa vibaya. Muda inapolia unaweza kukuonyesha tatizo liko wapi.

Inalia dakika chache baada ya kuegesha

Mshukiwa wa kwanza ni feni ya rejeta. Kwenye baadhi ya magari, injini ikiwa ya moto sana, feni huendelea kuzunguka hata baada ya kuzima gari. Feni hiyo inakula umeme mwingi, hivyo nguvu ya betri inashuka ghafla.

Sasa, baadhi ya alamu hulinda gari kwa kupima umeme. Mlango ukifunguliwa taa ya ndani inawaka, umeme unashuka kidogo, alamu inajua kuna mtu. Feni ikiwaka, inadhani ni mlango. Fundi umeme wa magari anaweza kuzima kipimo hicho na kuiacha alamu itegemee swichi za milango.

Inalia mchana, gari likiwa juani

Gari lililofungwa juani linaweza kuzidi nyuzi joto 45 ndani ya saa moja. Baadhi ya alamu zina sensa inayotuma mawimbi ya sauti ambayo sikio la binadamu haliyasikii, kisha inasikiliza yanavyorudi. Kitu kikitembea ndani ya gari, mawimbi hubadilika na king'ora kinalia.

Ukiacha kioo wazi kidogo ili hewa ipite, upepo unaoingia unaweza kuidanganya sensa hiyo. Hata kimanukato kinachoning'inia kwenye kioo cha ndani kinatosha. Funga vioo vyote, ondoa vinavyoning'inia, weka kizuia jua kwenye kioo cha mbele na utafute kivuli.

Kama alamu ilifungwa mtaani baada ya kununua gari, mwambie fundi aangalie pia sensa ya mtikisiko. Mara nyingi hubandikwa kwa gundi chini ya dashibodi. Joto likilegeza gundi, sensa inacheza na lori likipita tu inalia. Nyingi zina skrubu ndogo ya kupunguza ukali wake.

Inalia usiku au alfajiri

Hapo shuku betri. Joto hukausha maji ya betri na kuharakisha kutu ndani yake, kwa hiyo inachoka mapema. Gari likikaa saa nyingi bila kuwashwa, umeme unashuka, na alamu inahisi kama kuna mtu anachezea waya.

Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari. Betri nzima iliyojaa husoma karibu volti 12.6. Ikisoma chini ya 12, ichaji kisha ipimwe upya. Ikishuka tena, imechoka au kuna kitu kinanyonya umeme gari likiwa limezimwa. Safisha pia vichwa vya betri na uvikaze.

Inalia saa yoyote

Fungua boneti. Magari mengi yenye alamu yana kiswichi kidogo kinachoiambia alamu kama boneti imefungwa. Vumbi, maji na chumvi ya hewa ya pwani hukishika kutu, na alamu inaona boneti iko wazi wakati imefungwa. Kukisafisha au kukibadilisha ni kazi ndogo. Angalia na swichi za milango na buti.

Usizime ukiwa mbali

Jambo la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Alamu ikilia, usibonyeze rimoti tu kutoka ghorofani. Nenda ukaangalie. Sensa inayodanganywa na upepo ndiyo hiyo hiyo inayohisi mtoto aliyesahaulika kiti cha nyuma akijitikisa, na kwenye gari lililofungwa juani mtoto anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi. Alamu ikishatengenezwa ikawa inalia kwa sababu tu, wewe na majirani mtakimbia kuangalia kila ikilia.